Wananijibu kwa Kiingereza: niendelee na Kiholanzi, au niache?

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhandisi, huu ni mwaka wangu wa tatu Eindhoven. Nilikuja kusoma shahada ya uzamili, nikapata kazi, na mwaka jana mke wangu na binti yetu wa miaka 3 na nusu wakanifuata. Ofisini kwetu mambo yote ni kwa Kiingereza. Tangu Septemba nalipia kozi ya Kiholanzi, jioni mbili kwa wiki. Shida ni kwamba nikifungua mdomo tu, dukani au kwenye basi, najibiwa kwa Kiingereza. Hata jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hufanya hivyo. Wenzangu kazini, wakiwemo Waholanzi wenyewe, wananiambia natupa hela na muda kwa lugha ya watu milioni 20 na kitu ambao wote wanajua Kiingereza, tena wanakipendelea. Je, kweli inafaa kuendelea?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa familia kukutana. Endelea. Ungekuwa unarudi nyumbani mwakani ningekwambia jifunze salamu, namba na majina ya vyakula, basi, jioni zako uzitumie kwa jambo jingine. Lakini mtu aliyekwisha kuleta mke na mtoto ameshahamia, hata kama kwenye simu bado anawaambia wazazi kwamba ni kwa muda tu. Na huyo binti, ambaye barua yako imempitia kwa mstari mmoja, ndiye sababu kubwa kuliko zote. Nitamrudia.

Kwanza habari ya kujibiwa kwa Kiingereza, maana naona ndiyo iliyokuvunja moyo. Mfikirie Mzungu anayeingia dukani Nairobi na kusema "naomba mkate" kwa lafudhi nzito. Mara nyingi muuzaji atamjibu kwa Kiingereza. Hamdharau. Anataka kumrahisishia, kuna foleni nyuma yake, na yeye mwenyewe amesoma, anapenda kukitumia Kiingereza chake. Mholanzi anayekujibu kwenye basi yuko vivyo hivyo. Katika utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012, Waholanzi 90 kwa kila 100 walisema wanaweza kuzungumza kwa Kiingereza. Hilo halikutokea kwa bahati. Kiingereza ni somo la lazima shuleni, na filamu za nje, ukiacha za watoto, hazitiwi sauti za Kiholanzi. Zinawekewa maandishi tu chini ya picha, kwa hiyo mtoto anakua Kiingereza kikiingia masikioni mwake kila jioni. Na Amsterdam, usishangae, mhudumu wa mgahawa anaweza kukujibu kwa Kiingereza kwa sababu Kiholanzi hata yeye hakijui. Ametoka Hispania au Italia miezi 4 iliyopita.

Kuna na suala la sikio. Mwingereza amezoea kusikia lugha yake ikisemwa na Mhindi, na Mnigeria, na sisi. Makosa ya matamshi anayaruka bila kuyaona. Mholanzi hajazoea kiasi hicho, na lugha yake inabagua irabu fupi na ndefu kwa ukali. "Man" ni mwanamume, "maan" ni mwezi wa angani. "Bom" ni bomu, "boom" ni mti. Sisi tunalielewa hili, kwa sababu kufa si kufaa. Basi irabu moja ikienda kombo, sikio la msikilizaji linasita kidogo, na katika kusita huko ameshaamua kuhamia Kiingereza. Uamuzi wenyewe huchukua sekunde moja au mbili. Nakuomba ukumbuke hizo sekunde, kwa sababu dawa nitakayokupa mbele iko humo.

Sasa, kwamba Waholanzi wanapendelea Kiingereza. Mimi nimefundisha Kiholanzi na kufanya ukalimani nchi hii kwa zaidi ya miaka 20, na nakwambia hawakipendelei. Wanakiweza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kesho wakati wa chakula cha mchana kaa na wenzako sita wa Kiholanzi, uwe mgeni peke yako mezani. Wataanza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa. Mmoja ataanza kueleza alivyogombana na fundi aliyemwekea jiko jipya, mwenzake ataingilia, watacheka, na baada ya dakika 10 meza nzima iko kwenye Kiholanzi. Hakuna aliyekusudia kukutenga. Mazungumzo yamerudi kwao tu, kama maji yanavyofuata mkondo. Atakayekugeukia na kukufupishia kwa sentensi moja ndiye muungwana wa meza hiyo. Lakini muhtasari wa kichekesho hauchekeshi.

Nimekulia Tanga, kwenye nyumba yenye baraza mbele na ua nyuma. Mgeni alikaribishwa barazani, akaletewa kahawa na kashata, akasikilizwa kwa heshima zote. Angeweza kuja kila jioni kwa miaka 10. Lakini habari za nyumba zilizungumzwa uani: nani anaumwa, nani anadaiwa, binti yupi ameposwa na kwa nini posa imekataliwa. Kiingereza hapa Uholanzi ni baraza. Ni baraza zuri, pana, lina kivuli, na nawajua Watanzania na Wakenya waliokaa humo miaka 15 kwa amani. Siku msiba unapoingia, au kampuni inapoanza kupunguza watu, au mtoto anapopata shida shuleni, ndipo wanapogundua kwamba mambo yanaamuliwa uani.

Hata Kiingereza chenyewe cha hapa kina Kiholanzi chini yake. Dada mmoja ninayemfahamu, Kiingereza chake safi kabisa, alipigiwa simu na karani wa kliniki kupangiwa miadi ya daktari bingwa. Karani akamwambia kwa Kiingereza "half three". Kwa Mwingereza hiyo ni tatu na nusu, yaani saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu. Lakini yule karani alikuwa ametafsiri neno kwa neno kutoka Kiholanzi, na kwa Kiholanzi "half drie" ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu. Dada alifika saa tisa na robo, amejiandaa, na karatasi zake mkononi, akaambiwa amechelewa na daktari ameshaendelea na wengine. Alisubiri wiki 5 kupata nafasi nyingine. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili waliamini wameelewana. Angeuliza tu "half drie?" akiijua maana yake, jambo lingekwisha palepale kwenye simu.

Halafu kuna barua. Bahasha ya buluu ya mamlaka ya kodi umeshaiona mlangoni kwako, na ndani yake ni Kiholanzi. Barua za manispaa ni Kiholanzi. Mkataba wa nyumba, tangazo la kikao cha wapangaji, karatasi ya bima, vivyo hivyo. Utasema simu ina programu ya kutafsiri. Inayo, na itumie. Itakwambia barua inasema nini. Haitakwambia kwamba maneno fulani ya upole kwenye aya ya tatu ni onyo la mwisho. Kwa sasa wewe, kama mfanyakazi uliyeletwa kwa utaalamu wako, hulazimiki kufanya mtihani wa lugha na maisha ya Uholanzi unaoitwa inburgering. Ila baada ya miaka 5, ukitaka ukazi wa kudumu au uraia, utaulizwa cheti. Heri uanze sasa taratibu kuliko kuja kukimbizana nao ukiwa na mtoto wa pili mgongoni.

Nije kwa binti yako. Uholanzi mtoto huanza shule akitimiza miaka 4. Sheria inamlazimisha kuanzia miaka 5, lakini karibu wote huanza na 4. Kwa hiyo una miezi 6. Ataingia groep 1, darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi, na kabla ya mwaka kuisha atakuwa anaota kwa Kiholanzi. Watoto hapa hawatoki tu nje wakacheza na yeyote kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Mtoto wa miaka 4 au 5 hucheza na mwenzake kwa miadi, na miadi hiyo hupangwa na wazazi, langoni mwa shule au kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ambalo ni Kiholanzi kitupu chenye vifupisho. Mzazi anayesimama pembeni akiangalia simu, mtoto wake hualikwa mara chache. Wenzake hawana ubaya. Mama wa yule mtoto mwingine, saa mbili unusu asubuhi, mvua inanyesha, baiskeli mkononi, hataki kutafuta maneno ya Kiingereza ya kumwalika mtu.

Mwalimu atakuita kwa kile kinachoitwa tienminutengesprek, mazungumzo ya dakika 10. Dakika 10 ni 10 kweli, mlangoni kuna mzazi mwingine anasubiri. Na akifika groep 8, darasa la mwisho la shule ya msingi, akiwa na miaka 11 au 12, shule itatoa ushauri wa aina ya sekondari inayomfaa: vmbo ya mwelekeo wa ufundi, havo ya kati, au vwo ya kuelekea chuo kikuu. Ushauri huo una uzito mkubwa katika maisha ya mtoto. Wazazi wa Kiholanzi hawaupokei kimya kimya, wanauliza, wanahoji, wanaleta ushahidi wao. Nimekaa kama mkalimani kwenye vikao hivyo, nikamtazama baba mwenye akili nyingi na elimu kubwa akijibu "sawa" kwa kila kitu kwa sababu hakuwa na maneno ya kusema "sikubaliani". Sitaki uwe yeye. Una miaka 8 ya kujiandaa, na hiyo inatosha kabisa.

Wala usimwachie mtoto awe mkalimani wenu. Nimewahi kuitwa hospitali nikamkuta msichana wa miaka 9 ameshaanza kumtafsiria mama yake majibu ya vipimo, na uso wake ulivyokuwa siwezi kuusahau. Hilo ndilo linalotokea pale wazazi wanapobaki barazani na mtoto yuko uani.

Hapohapo nikutahadharishe. Nyumbani endeleeni na Kiswahili. Nakutana na wazazi wengi wanaoanza kumsemesha mtoto Kiholanzi cha kuungaunga kwa kudhani wanamsaidia. Hawamsaidii. Kiholanzi atakipata shuleni, kutoka kwa watu wanaokijua, tena saa nyingi kila siku. Kiswahili hana pa kukipata isipokuwa kwenu, na mtoto aliyejengwa vizuri katika lugha moja huijenga ya pili juu yake. Msomee hadithi kwa Kiswahili, mfundishe kutumwa kwa Kiswahili, azungumze na bibi yake kwa simu bila wewe kutafsiri. Kiholanzi nakwambia ujifunze kwa ajili ya lango la shule, si kwa ajili ya meza yenu ya chakula.

Je, kinajifunzika? Kinajifunzika, na wewe una mtaji ambao pengine hukuwahi kuuhesabu. Ile g ya Kiholanzi inayowatesa Waingereza ni sauti ambayo mtu wa pwani anayo tangu utotoni. Sema "kheri" kama anavyoisema mzee wa Mombasa, umeshafika Amsterdam. Na wewe uko Brabant, mkoa wa Eindhoven, ambako g ni laini, iko karibu zaidi na "ghali" na "ghorofa". Sema "goedemorgen" kwa gh hiyo na jirani yako atageuza shingo.

Chukua na ngeli. Mwingereza anapoambiwa nomino za Kiholanzi zina makundi mawili, ya "de" na ya "het", na kwamba vivumishi na vionyeshi hufuata kundi, anaona ameonewa. "Het huis" ni nyumba: dat huis, een groot huis. "De tafel" ni meza: die tafel, een grote tafel. Kwetu sisi hilo ni jambo la kila siku: kiti kile kikubwa, mti ule mkubwa. Hakuna aliyekufundisha kwamba neno moja linavuta mengine, umezaliwa nalo. Jifunze kila nomino pamoja na "de" au "het" yake, kama mtoto wetu anavyojua kwamba kiti ni "kile" bila kuambiwa sababu. Kitakachokusumbua ni mpangilio wa sentensi, kitenzi kinavyoruka: "ik ga morgen naar de markt", nakwenda sokoni kesho, lakini "omdat ik morgen naar de markt ga", kwa sababu kesho nakwenda sokoni, na kitenzi kimekimbilia mwisho kabisa. Hilo linataka mazoezi, halina mkato.

Na Kiingereza chako si adui hapa. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia lugha hukipa Kiholanzi kama wiki 24 hadi 30 za masomo ya kutwa kwa anayejua Kiingereza, wakati Kiswahili inakipa kama 36. Wewe umeshashika ile ngumu zaidi kwa maziwa ya mama.

Basi nirudi kwenye zile sekunde mbili. Usijaribu kuboresha Kiholanzi chako chote kwa pamoja. Boresha sentensi ya kwanza. Nenda duka la mikate, moja tu, lile lile kila Jumamosi. Nyumbani ufanye mazoezi ya sentensi hii mpaka itoke kama salamu: "Goedemorgen, een half volkoren graag, gesneden." Unaomba nusu mkate wa ngano isiyokobolewa, uliokatwa vipande. Muuzaji atauliza "anders nog iets?", kuna kingine? Jibu "nee, dat was het". Atauliza "bonnetje erbij?", unataka risiti? "Nee, dank u." Hayo ndiyo mazungumzo yote ya duka la mikate, na kwa kuwa yeye huyasema mara 200 kwa siku, hatoki nje ya njia hiyo. Ukitoka hapo na mkate bila neno la Kiingereza, utajua ninachosema. Wiki inayofuata fanya hivyo kwa mwuza samaki sokoni, halafu kwenye kaunta ya maktaba.

Usipomsikia mtu, usiguse Kiingereza hata kwa neno moja, kwa maana neno hilo moja ndilo linalomfungulia mlango. Sema "wat zegt u?", unasemaje? Akihama bado, wewe usihame. Mwache aseme Kiingereza na wewe uendelee na Kiholanzi. Si utovu wa adabu, na wengi baada ya sentensi tatu hurudi wenyewe. Au omba waziwazi: "mag ik het in het Nederlands proberen?", naweza kujaribu kwa Kiholanzi? Sijawahi kumwona Mholanzi aliyekataa ombi hilo. Wengi hufurahi, hata huona haya kidogo kwamba hawakufikiri.

Chagua pia watu. Keshia mwenye foleni si mwalimu. Mzee anayelisha bata bustanini ana muda, na pengine Kiingereza chake hakitoshi. Watoto ndio bora, kwa sababu wadogo hawana Kiingereza cha kukimbilia. Ulizia maktaba ya mji kuhusu taalcafé, mahali watu hukaa kunywa kahawa na kuongea Kiholanzi na wenyeji wanaojitolea. Kila jioni tazama Jeugdjournaal, habari za watoto kwenye televisheni ya taifa, dakika kama 20, lugha safi, na zitakupa la kuongea kesho yake. Jioni mbili za kozi peke yake hazitoshi, lazima nikwambie kweli. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Goma waliofikia Antwerp, Ubelgiji, ambako lugha ni hiyo hiyo, nimeona wale wasio na Kiingereza wanawapita wenye nacho ndani ya mwaka mmoja. Hawana akili zaidi. Hawakuwa na pa kukimbilia tu.

Hapo ulipo sasa, baada ya miezi kadhaa ya kozi, ndipo wengi wanapoacha. Unajua kiasi cha kusema ombi lako, hujui kiasi cha kuelewa jibu. Ukivuka hapo, ukafika kiwango cha kati kinachoitwa B1, kujibiwa kwa Kiingereza kunapungua kwenyewe, kwa sababu wewe hutaonekana tena kama mtu anayehitaji msaada.

Wale wenzako wa ofisini wanaokwambia unapoteza muda, usiwachukie. Mholanzi anayesema hivyo hajawahi kuishi Uholanzi bila Kiholanzi, kwa hiyo hajui anachokushauri. Kuhusu hesabu yao ya watu, ni kweli wasemaji hawazidi sana milioni 24, ukijumlisha Wabelgiji wa Flanders na watu wa Suriname. Lakini wewe unahitaji wachache tu kati yao: mwalimu wa binti yako, wazazi wa watoto wanne au watano, daktari wa familia, na bosi atakayekuhoji siku kampuni ya sasa itakapokuwa haikufai.

Jirani ndiye mgumu, kwa sababu lugha ya uhusiano huwekwa siku za mwanzo na ninyi mmeshaizoea ya Kiingereza. Usijaribu kumbadilisha kwa hila. Bisha hodi kwake na mke wako, mchukue sahani ya maandazi, na useme ulichokikariri: "Ik leer Nederlands. Mijn dochter gaat straks naar school. Wilt u met mij Nederlands praten?" Najifunza Kiholanzi, binti yangu ataanza shule karibuni, je, utakubali tuongee Kiholanzi? Akikubali, mpe mpaka: pale nje, wakati wa kutoa mapipa ya taka, Kiholanzi tu. Jambo likiwa zito au la haraka, rudini kwenye Kiingereza bila lawama. Na mke wako naye aseme sentensi moja siku hiyo hiyo, kwa sababu barua yako haikunieleza kama yeye anasoma, na yeye ndiye huenda akasimama langoni mwa shule mara nyingi kuliko wewe. Kama hela ya kozi inatosha mtu mmoja tu kwa sasa, gawaneni jioni hizo mbili.